Wanawake Wanne wa Plymouth

Neno "vuli" kwetu lina harufu ya udongo uliolowana. Ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, ni jembe begani na mbegu kwenye kibuyu. Lakini ukilitafuta katika kamusi utakuta limetumika pia kutaja majira ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambayo hayafanani na vuli yetu hata kidogo: miezi ya Septemba hadi Novemba, joto linapoondoka, majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kisha yakapukutika, na mkulima anapofunga ghala. Sisi tunapanda, wenzetu wamekwisha vuna. Ndiyo maana sikukuu yao kubwa ya kuwakutanisha jamaa, ukiacha Krismasi, huangukia wakati huo.

Nchini Marekani sikukuu hiyo ni Siku ya Shukrani, nayo huadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. (Wakanada wanayo yao, Jumatatu ya pili ya Oktoba.) Siku hiyo mtoto aliye mbali hurudi kwa mama yake. Barabara hujaa tangu Jumatano, viwanja vya ndege havina pa kukanyaga, na karibu kila jiko lina bata mzinga. Akina mama mtanielewa nikisema ndege huyo si kuku wa kienyeji wa kuchinja asubuhi akaliwa mchana. Mwenye uzito wa kilo sita au saba, akiwa ameganda kwa barafu, huhitaji siku tatu ndani ya friji ili ayeyuke, kisha saa zipatazo nne katika oveni. Hesabu basi: anayetaka kulisha watu Alhamisi huanza kazi Jumatatu. Wageni hawazioni siku hizo tatu. Wao huona meza.

Nilitamani kufika mahali ambapo Wamarekani husema jambo hili lilianzia. Ni Plymouth, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, kilomita 65 hivi kusini mwa Boston. Nilikuwa nimefikia kwa familia moja ya Kikristo kutoka Kenya inayoishi Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kaskazini mwa Boston, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unga wa ugali hautafutwi mbali. Kijana wao mkubwa alijitolea kunipeleka kwa gari asubuhi yenyewe ya Siku ya Shukrani. Tuliondoka kungali giza.

Ukikaribia Plymouth unapita katika nchi ya kranberi, tunda dogo jekundu, chachu kama ukwaju, ambalo hupikwa kwa sukari nyingi likawa mchuzi mzito wa kulia bata mzinga. Hustawi kwenye ardhi oevu yenye mchanga. Wakati wa mavuno wakulima hufungulia maji shambani, matunda yakaelea, na shamba zima likaonekana kama ziwa jekundu. Sisi tulikuwa tumechelewa. Tuliona vitalu tu vya mimea iliyogeuka rangi ya zambarau, na umande ulioganda juu yake.

Mjini penyewe, karibu kabisa na maji, kuna Jiwe la Plymouth. Watu hutoka mbali kuja kuliona na wengi huondoka wamenuna, maana ni jiwe la kawaida, si kubwa, limechongwa tarakimu 1620 na kuwekwa shimoni chini ya paa la nguzo nzito. Walowezi wenyewe hawakuandika popote kwamba walilikanyaga. Lilitajwa mara ya kwanza mwaka 1741, na mzee wa miaka tisini na zaidi, yaani baada ya miaka 121. Mimi sikulinunia. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya jiwe.

Waliopanda meli na waliofika mavuno

Mnamo Septemba 1620 meli iitwayo Mayflower iliondoka Plymouth ya Uingereza ikiwa na abiria 102. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza wakataka mahali pa kumwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaelekeza. Wengine walitafuta riziki tu, kama watu wote watafutavyo. Walikaa baharini siku 66. Miongoni mwao walikuwamo wake za watu 18, na watatu kati ya hao walikuwa wajawazito.

Elizabeth Hopkins alijifungua katikati ya bahari. Mtoto wa kiume, wakamwita Oceanus, yaani wa baharini; hakufikia utu uzima. Susanna White alijifungua meli ikiwa imetia nanga kwenye rasi ya Cape Cod. Mwanawe aliitwa Peregrine, maana yake msafiri, naye aliishi zaidi ya miaka 80. Wa tatu, Mary Allerton, alizaa mtoto aliyekwisha kufa mwezi wa Desemba, na mwezi wa Februari yeye mwenyewe akafariki.

Hebu fikiri, mama mwenzangu. Kujifungua ndani ya meli ya mbao inayovuja, baridi ya Novemba ikipita kwenye nyufa, hakuna mama wala shangazi wa kukukanda kwa maji ya moto, hakuna uji wa pilipili manga, na nguo za mtoto hazikauki.

Nchi kavu wanaume walikuwa wakijenga nyumba. Wanawake na watoto wengi walibaki melini kwenye unyevu na msongamano, na inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya wao kufa kwa wingi namna ile. Baridi ilipokwisha, karibu nusu ya abiria wote walikuwa wamezikwa. Na katika wale wake 18, mavuno ya mwaka 1621 yaliwakuta wanne: Elizabeth Hopkins, Susanna White, Mary Brewster aliyekuwa mke wa mzee wa kanisa, na Eleanor Billington, ambaye mumewe alikuja kunyongwa mwaka 1630 kwa kosa la kuua. (Kila kijiji kina nyumba ya namna hiyo, hata kijiji cha watakatifu.)

Karamu yenyewe tunaijua hasa kwa barua moja iliyoandikwa Desemba 1621 na Edward Winslow. Anaeleza kwamba mavuno yalipoingia, gavana alituma watu wanne kuwinda ndege, na kwa siku moja wakapata wa kutosha karibu juma zima. Anaeleza kwamba Massasoit, mkuu wa Wawampanoag ambao ndio wenye nchi, alikuja na wanaume wapatao 90, wakakirimiwa kwa siku tatu. (Kwetu siku ya tatu wangepewa jembe.) Lakini hawakuja kula tu: walikwenda porini wakaua kulungu watano wakawaleta. Hakuna mahali anapoiita Siku ya Shukrani. Ilikuwa sherehe ya mavuno.

Tuhesabu tena, kama tulivyohesabu habari ya bata mzinga. Wenyeji walikuwa hamsini na kidogo, wengi wao wanaume na watoto. Wageni 90. Siku tatu. Ndege wa kunyonyoa, kulungu wa kuchuna, mahindi ya kutwanga, maji ya kuteka, kuni za kukoka nje kwenye upepo wa bahari. Wanawake watu wazima wanne, pamoja na mabinti wachache na watumishi. Ile barua inawataja wawindaji, inamtaja gavana, inamtaja mkuu wa Wawampanoag. Waliopika haiwataji.

Na mwandishi hakuwa na haja ya kwenda mbali kuwauliza. Mume wa Susanna White alikufa Februari 1621. Mke wa Edward Winslow alikufa Machi. Mwezi wa Mei, Edward na Susanna walioana, ndoa ya kwanza katika makazi yale. Tusiwahukumu, pale hapakuwa na nafasi ya matanga marefu. Ninachosema ni kwamba bwana yule aliandika habari za karamu akiwa nyumba moja na mmoja wa wapishi, mwanamke aliyekuwa na kitoto cha mwaka mmoja hivi na mtoto mwingine mdogo anayemshika nguo.

Ukitembelea jumba la makumbusho lililo nje kidogo ya mji, Plimoth Patuxet, utaona majiko ya namna ile: moto wa kuni, sufuria nzito inayoning'inia, moshi machoni. Pai za maboga za siku hizi hazikuwapo mwaka ule, kwa kuwa hapakuwa na unga wa ngano, siagi wala tanuri. Viazi havikuwapo. Kranberi zilimea mabwawani, lakini sukari ya kuzitengenezea mchuzi ilikuwa wapi? Walikula ndege wa porini, nyama ya kulungu, mahindi, na huenda samaki na kome wa pale pale ufukoni.

Asubuhi ya Siku ya Shukrani wenyeji wa Plymouth huvaa mavazi ya zamani wakaandamana kwa mlio wa ngoma kupanda kilima cha makaburi, Burial Hill. Kila mwandamanaji husimama badala ya mmoja wa watu 51 waliopona baridi ile ya kwanza. Niliwatafuta wanne wangu kwa macho, lakini kofia nyeupe za kitani zilikuwa zimewafananisha wote, wakubwa kwa wadogo.

Saa sita mchana

Juu tu ya lile Jiwe kuna kilima kingine, Cole's Hill. Hapo ndipo walipozikwa waliokufa katika baridi ya kwanza, na masimulizi ya mji husema walizikwa usiku na makaburi yakasawazishwa ili wenyeji wa nchi wasijue ni wangapi waliobaki. Mifupa iliyopatikana baadaye imehifadhiwa kilimani hapo katika sanduku la mawe. Hatua chache kutoka sanduku hilo imesimama sanamu ya Massasoit, akiangalia bahari.

Tangu mwaka 1970, saa sita mchana ya Siku ya Shukrani, Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hukusanyika kando ya sanamu hiyo kwa Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Mwaka huo Wamsutta Frank James, mzee wa Kiwampanoag, alialikwa kusema katika maadhimisho ya miaka 350 ya kufika kwa meli. Waandaaji walipoisoma hotuba yake waliikataa. Akaenda kusema kilimani.

Aliyotaka kusema yanajulikana. Kati ya mwaka 1616 na 1619, kabla ya Mayflower, maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya yaliangamiza Wawampanoag wengi mno. Kijiji cha Patuxet, ambacho juu yake ndipo ilipojengwa Plymouth, kilibaki mifupa mitupu. Mtu wake mmoja, Tisquantum, aliponea utumwani: alikuwa ameibwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza akapelekwa kuuzwa Hispania. Aliporudi mwaka 1619 hakukuta mama wala ndugu. Huyo ndiye aliyewafundisha walowezi kupanda mahindi. Kila punje iliyopikwa kwenye karamu ile ilitoka mkononi mwa mtu asiye na jamaa wa kukaa naye mezani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona. Miaka 54 baada ya karamu, watoto wa waliokula pamoja walikuwa vitani. Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa Agosti 1676 na kichwa chake kikatundikwa Plymouth kwa miaka mingi. Mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka 9 walikuwa wametekwa. Wachungaji wakaulizwa Maandiko yanasema nini juu ya mtoto wa adui; wakajibizana kwa barua, wengine wakitaka auawe. Mwishowe aliuzwa utumwani. Mjukuu wa Massasoit! Yule kijana wa Lowell alinisomea habari hiyo kwenye simu yake tukiwa tumesimama kilimani, kisha akaizima, tukanyamaza tukisikiliza ngoma na sala za watu wale. Baadhi yao huwa wamefunga siku hiyo, mji mzima ukinukia nyama ya kuoka.

Nimewasikia Wakristo wakisema maombolezo hayo huharibu sikukuu. Mimi sioni hivyo. Vilima viwili, ngoma mbili, siku moja: waliokuja karamuni mwaka 1621 wote walikuwa wafiwa, wenyeji kwa wageni, na hakuna aliyewazuia kuleta msiba wao pamoja na kulungu wao.

Mjane mwenye gazeti

Swali linabaki: sherehe ya siku tatu, ambayo hata aliyeiandika hakuiita Siku ya Shukrani, iligeukaje kuwa sikukuu ya taifa? Jibu litawafurahisha wasomaji wa ukurasa huu. Ni kwa ajili ya gazeti la akina mama.

Sarah Josepha Hale alizaliwa mwaka 1788 Newport, jimbo la New Hampshire. Mumewe, mwanasheria, alifariki mwaka 1822 akamwacha na watoto wanne na mimba ya wa tano. Akavaa nguo nyeusi, na hakuzivua maisha yake yote. Alijaribu kushona kofia. Kalamu ikamfaa zaidi. Mwaka 1827 alitoa riwaya yenye sura nzima juu ya chakula cha Siku ya Shukrani, iliyokuwa desturi ya majimbo ya kaskazini mashariki, kila jimbo na tarehe yake. Mwaka uliofuata alikuwa mhariri mjini Boston, na tangu mwaka 1837 akahariri Godey's Lady's Book, gazeti lililofikia nakala 150,000 kufikia mwaka 1860. (Wimbo wa watoto wa chekechea kuhusu Mary na mwanakondoo wake ni wake huyo huyo.)

Tangu mwaka 1846 alianza kudai siku moja kwa nchi nzima. Aliandika tahariri mwaka hadi mwaka, akawaandikia magavana, akawaandikia marais, na kurasa za gazeti lake zikafundisha namna ya kupika bata mzinga na pai. Marais waliopita hawakufanya alilotaka. Septemba 28, 1863, akiwa na miaka 74, nchi ikichinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alimwandikia Abraham Lincoln. Tangazo la Lincoln lilitoka Oktoba 3. Liliwataka watu, pamoja na kushukuru, wawakumbuke mbele za Mungu wajane na yatima na wote waliofiwa. Tarehe ilikuja kubadilishwa kidogo mwaka 1939, pakazuka ugomvi, na bunge likaifunga mwaka 1941 kuwa Alhamisi ya nne.

Mjane na yatima katika sikukuu ya mavuno si jambo jipya kwa msomaji wa Biblia. Soma Kumbukumbu la Torati 16 uone ni nani waliotajwa kuwa washiriki wa furaha ya Sikukuu ya Vibanda. Nasi katika makanisa yetu tunayo Sikukuu ya Mavuno: mikungu ya ndizi madhabahuni, magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu wakikatiza mahubiri, na baada ya ibada mnada uwanjani. Tofauti yake na ya Wamarekani ni hii, kwamba yetu hubebwa na usharika mzima, na yao, ingawa wengine huanza kanisani, hufanyika hasa nyumbani. Madhabahu yake ni meza ya kulia chakula, na mzigo wote humwangukia mwenye jiko. Wanaume wengi hushinda mbele ya televisheni wakitazama mpira wa Kimarekani. Sisemi wote.

Tuliporudi Lowell jioni, jiko lilikuwa mikononi mwa binti wa miaka 15. Mama mwenye nyumba alikuwa kazini tangu saa moja asubuhi, katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi inayowashika wengi wa dada zetu katika jimbo hilo. Siku ya sikukuu malipo huongezwa, na ada ya chuo ya yule kijana haingoji. Bata mzinga alimyeyusha mwenyewe tangu Jumatatu, akampaka viungo Jumatano usiku, akabandika kikaratasi mlangoni mwa friji: saa ya kumwingiza, saa ya kumfunika, saa ya kumgeuza. Baba wa nyumba alisonga unga wa chapati, tena vizuri. Kulikuwa na pilau, sukuma wiki, kranberi za kopo na pai ya maboga iliyoletwa na jirani.

Wakati huo mama mwenyewe alikuwa akiwakatia nyama vipande vidogo wazee wasio na meno, wale ambao watoto wao hawakuweza kuja. Mmoja, alitueleza baadaye, alimwita kwa jina la binti yake kutwa nzima, naye akaitika.

Alifika saa mbili na nusu usiku, akavua viatu mlangoni. Tuliketi saa tatu. Ni desturi kila mtu mezani ataje neno moja la shukrani kabla ya kula. Watoto wakataja shule na afya, baba akataja kanisa, mimi nikataja safari. Ilipofika zamu yake alisema anamshukuru Mungu kwa kiti. Tukacheka. Akasema hatanii, tangu asubuhi hakuwa ameketi. Kisha akauliza nani aliyekumbuka kuzima oveni, na hapakuwa na aliyekumbuka.